Kumi na Wanne wa Giteranyi

Gitega, tarehe 20 Novemba 2011

Dada yangu mpenzi Theodosia,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, mimi mdogo wako wa tumbo moja, na kupitia kwako nawasalimu wote wanaolala chini ya paa lako: shemeji Nazario, mpwa wangu Lucia, na huyo Elias ambaye hadi leo sijamtia machoni. Natumaini kikohozi cha Lucia ulichonieleza kimepungua, na kwamba maji hapo kambini Kasulu hayajawa ya kupanga foleni tangu alfajiri kama mwaka jana. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma.

Kabla sijaendelea, nina ombi. Barua hii nimempa Bisimwa, yule Mkongo wa vitenge anayekuja kambini kila baada ya miezi miwili, na nimemwambia asiitoe mfukoni mpaka akuone wewe mwenyewe. Ukiwa unaisoma hapa mbele ya watu, ikunje kwanza. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ni ya Nazario, na jambo hili si la kulipokea mwanamke kwenye simu ya mumewe.

Nianze na ya nyumbani. Mama yuko Makebuko, goti la kushoto bado linamsumbua, lakini analima. Ule mpaka wa shamba na majirani zetu, watu wa Klara, umeamuliwa nusu: migomba ya juu tumerudishiwa, bondeni bado. Amepanda maharage sehemu tuliyopewa na anasema yameshika vizuri. Kila Jumapili baada ya misa ananiuliza habari zako. Haya ninayokuandikia hayajui.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, sijawahi kukueleza ninafanya nini hasa mchana kutwa. Shirika letu ni dogo, linatafuta ndugu waliopotezana wakati wa kukimbia na wakati wa kurudi. Kila tarafa ina mtu wetu mwenye daftari. Aliyerudi anakwenda kwake, anaandikisha jina lake, anamtafuta nani, yule alikuwa kambi gani, yeye mwenyewe sasa anaishi wapi, kama wazazi wake wapo, na mwisho kabisa kama yeye mwenyewe yu hai au amefariki. Usishangae hilo la mwisho. Wengine huandikishwa na ndugu zao, na wengine hufa kabla hawajapatikana. Madaftari yakifika Gitega, mimi nayaingiza kwenye kompyuta, katika jedwali lenye safu kumi na mbili. Mtu mmoja mstari mmoja, kila habari kwenye kisanduku chake.

Sasa, ofisi kubwa ya upande wa Tanzania iliyokuwa ikipokea orodha zetu haikuwa inasoma jedwali. Mashine yao ilitaka faili la maandishi matupu, yaani habari za kila mtu zikifuatana kwenye mstari mmoja, na kati ya habari na habari kuna alama ya kuzitenganisha. Alama hiyo ndiyo ukuta. Mashine ikiiona, inajua kisanduku kimekwisha, kingine kinaanza. Uchague alama ipi, ni juu yako wewe unayetoa faili. Mkuu wangu, Mama Faida, mzaliwa wa Bukavu, aliniambia tangu wiki ya kwanza, "Venansi, utumie ile barre, kile kimti kinasimamaka wima. Hakuna mtu anaandikaka barre ndani ya jina ao ndani ya adresi." Nilimwitikia. Lakini kompyuta yetu ni ya Kifaransa, na yenyewe bila kuambiwa huweka nukta mkato. Kuibadilisha kulihitaji kuingia ndani ya mipangilio. Siku ile ya Agosti 2008 ilikuwa Ijumaa, faili lilitakiwa kabla ya saa kumi na moja, umeme ulikuwa umekwenda na kurudi mara mbili. Nikaiacha nukta mkato ilivyo.

Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu nataka uyaelewe. Watu wakikuambia ni mashine, uwe unajua kwamba si mashine.

Mwezi wa saba mwaka huu Mama Faida alinituma Muyinga na dereva wetu Joël, tukachukue madaftari mapya ya Giteranyi. Mtu wetu huko ni mwalimu Kastori, mzee nadhifu aliyesomeshwa na mapadri. Hati yake ni ya kupendeza na hakosei hata kituo. Tulifika kwake adhuhuri, Joël akabaki barabarani akibadilisha gurudumu. Kulikuwa na watu wachache uani wanasubiri kuandikishwa, na nyuma yao akaja mtu anasukuma baiskeli, juu ya baiskeli amefunga mlango mpya wa mbao. Sikumwona uso kwa sababu ya mlango. Aliuegemeza ukutani, akasimama, akaniita jina langu.

Theodosia, alikuwa Kasiano. Mume wako. Amekonda na ana mvi pembeni, lakini alikuwa yeye, na mkono wake wa kushoto una kile kidole kilichokatwa na msumeno kule Kibondo.

Naomba upumzike hapa kama unahitaji kupumzika.

Sikukimbia, wala sikulia. Niliketi chini palepale kwenye vumbi. Yeye alidhani nimekuja kwa ajili yake. Alichuchumaa mbele yangu akaniuliza, taratibu, kama mtu aliyelipanga swali hilo kwa miaka, "Umekuja kuniambia wewe mwenyewe?" Nikamuuliza kumwambia nini. "Kwa nini hakuja." Na mimi, kwa upumbavu, nikamjibu, "Shemeji, wewe ulikufa." Alicheka kidogo. Halafu akaona sicheki.

Alinichukua hadi kwake, si mbali, nyuma ya kanisa. Amejenga nyumba ya tofali, vyumba viwili na sebule, milango yote ameichonga mwenyewe. Anaishi peke yake. Chumba cha pili kina kitanda cha mtoto alichomtengenezea Lucia mwaka aliofika, na mwaka juzi akakifungua akakiongeza urefu, kwa sababu alihesabu kwamba Lucia sasa atakuwa amefika umri wa miaka saba. Kipande kilichoongezwa ni cha mti mwingine, rangi yake ni tofauti. Godoro halijawahi kulaliwa.

Akanieleza. Alipotangulia kurudi mwaka 2007 alikutumia barua mbili kupitia watu wa malori. Ya pili ilirudi na habari kwamba kambi ya Kibondo inafungwa na watu wanahamishwa. Namba ya jirani yenu haikupokelewa tena. Ndipo alipokwenda kwa mwalimu Kastori kujiandikisha: Kasiano, anamtafuta mkewe Theodosia na binti yake Lucia. Miezi michache baadaye akapewa karatasi, na karatasi hiyo anayo, ameihifadhi ndani ya kitabu cha sala. Imeandikwa mistari miwili tu. Mhusika amepatikana na amepewa taarifa. Shughuli imefungwa.

Alielewa hivi: umeambiwa aliko, na umenyamaza. Alisubiri mwaka wa kwanza akidhani unatafuta njia. Mwaka wa pili akadhani umechoka naye. Mwaka wa tatu, alisema, aliacha kudhani, akawa anafanya kazi tu.

Nami wakati wote huo nilikuwa nikikumbuka karatasi uliyopewa wewe, ambayo ulininakilia kwenye barua yako ya Oktoba 2008. Kasiano wa Giteranyi, hali: amefariki.

Ilinibidi nimweleze habari za Nazario, na kwamba sasa kuna Elias. Nilimweleza vile ilivyo, kwamba ulivaa nguo ya msiba mwaka mzima, na kwamba Nazario alisubiri uivue ndipo akaja kuzungumza na wazee. Kasiano alikuwa ameshika randa mkononi na hakuiweka chini. Aliuliza kama ni mtu mzuri. Nikasema ndiyo. Akauliza kama anakupiga. Nikasema hapana. Akauliza Lucia anamwita nani. Nikasema anamwita baba. Hapo ndipo alipoweka randa chini, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu hata Joël akaanza kupiga honi barabarani.

Aliporudi alinishika mabega. "Usimwandikie," akasema. "Ana mtu, ana mtoto mchanga. Ukimwambia nipo, utamkata vipande viwili. Niache hivi nilivyo." Akanitaka niape. Nikaapa, kwa sababu nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa huapa upesi.

Njia nzima kurudi Gitega nilikuwa nikimtafuta wa kumlaumu. Nilidhani ni wale wa ofisi kubwa. Nilidhani ni Kastori. Kesho yake nikafungua kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo, nikalitafuta jedwali lenyewe la mwaka 2008. Kasiano yumo, mstari wa mia nane na kitu. Wazazi: amefariki, maana unajua baba yake alikufa Kibondo. Hali ya mwenyewe: hai. Neno liko palepale mahali pake. Kisha nikafungua lile faili la maandishi tulilotuma. Humo, hali yake ni amefariki.

Nilikaa nikiangalia mafaili yale mawili mpaka nikaona. Mwalimu Kastori, kwa umakini wake, alipoandika mahali pa kuishi hakuandika Giteranyi tu. Aliandika Giteranyi, akaweka nukta mkato, akaongeza nyuma ya kanisa. Mimi nilinakili kama alivyoandika. Kwenye jedwali haikuwa na madhara, ilikuwa kisanduku kimoja. Lakini kwenye faili, nukta mkato ndiyo ukuta. Mashine ikaona kisanduku kimekwisha katikati ya maneno. Nyuma ya kanisa ikasukumwa kwenye safu ya wazazi. Neno la wazazi, amefariki, likasukumwa kwenye safu ya mwenyewe. Na neno lake yeye, hai, likabaki nje, kisanduku cha kumi na tatu, mahali pasipo na safu.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile Ijumaa. Mashine ya wale wa Tanzania ililikataa faili langu. Ilijibu kwamba kuna mistari ishirini na mitatu yenye visanduku kumi na vitatu badala ya kumi na viwili. Ilinionya, Theodosia. Nilichotakiwa kufanya ni kubadilisha alama na kulitoa faili upya, kazi ya robo saa. Badala yake nililifungua faili nikashuka mstari kwa mstari, nikakata kile kilichozidi mwisho, ili idadi itimie. Majina yalikuwa kushoto, nje ya kioo, mimi nilikuwa nimesogea kulia kabisa ambako mistari inaishia. Nilikuwa naona tu neno dogo limening'inia, nalifuta, nashuka. Neno lenyewe lilikuwa hai. Nililifuta kwa kidole changu mara ishirini na tatu, halafu nikatuma, nikaenda nyumbani.

Mistari yote ilitoka kwenye daftari la Giteranyi. Tisa kati ya watu hao wazazi wao walikuwa hai, kwa hiyo nao wakabaki hai kwa bahati. Kumi na wanne waliobaki niliwaua.

Nilimpelekea Mama Faida mafaili yote mawili. Alisoma, akavua miwani, hakupaza sauti. "Nilikuambia barre," akasema. Baadaye akauliza, "Na hawa wengine, ndugu zao iko wapi?" Nikasema sijui. "Utajua," akasema. Amenipa hadi mwisho wa Desemba niwafikie wote, kisha niondoke. Sikumwomba abadilishe.

Tangu Agosti nazunguka, mara nyingi kwa baiskeli, mara nyingine mwalimu Kastori akinifuata, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba kosa si la nukta yake. Mzee huyo siku hizi anaandika bila kuweka alama yoyote, hata mahali inapotakiwa, na kuliona hilo kwenye daftari lake kunaniumiza. Kule Makebuko tuliwakutanisha ndugu wawili, Anisia na kaka yake, sokoni. Walishikana, na walipoachana Anisia akanigeukia akanipiga kofi mbele ya watu, kisha akaniomba msamaha, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kofi. Huko Nyarusange nilimpeleka mtu kwa shangazi yake aliyemlea. Tulikuta amezikwa mwezi wa tatu. Majirani walisema alikuwa akimwombea marehemu huyo kila siku, na marehemu alikuwa amesimama pale, ameshika kuku aliyemletea shangazi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kuku amwache kwa majirani au arudi naye.

Nimewafikia kumi na watatu. Wa kumi na nne ni wewe.

Ningekuwa mtu wa afadhali, ningeishia hapa. Lakini lipo jingine, na hili halina kompyuta ndani yake.

Ulipopata karatasi ile ya kifo, uliniandikia, nadhani ni Desemba mwaka uleule. Ulisema wewe huwezi kuvuka mpaka na mtoto mdogo, ukaniomba mimi niende Giteranyi nikalione kaburi, niulize aliugua nini, niweke msalaba kama hauna. Na mimi nikakujibu kwamba nimekwenda. Nikakuandikia kwamba kaburi liko mahali pazuri, limepandwa maua, kwamba alikufa kwa homa ya siku chache bila kuteseka sana, na watu wa kanisa walimzika vizuri. Ulinijibu ukinishukuru, ukasema sasa utaweza kulala.

Sikwenda. Nilikuwa na siku nne za mapumziko, mvua ilikuwa kubwa, barabara ya Muyinga ilikuwa imeharibika, nikajiambia nitakwenda Pasaka. Halafu nikaona aibu kukuambia bado sijakwenda, nikaandika yale. Maua niliyatunga nimekaa mezani. Pasaka ilipofika, kaburi lilikuwa limeshakuwepo kwenye barua, na sikuona haja.

Ningekwenda, ningeuliza nyumba ya Kasiano seremala, na wangenionyesha. Angenifungulia mlango yeye mwenyewe. Lucia alikuwa na miaka sita, wewe ulikuwa kwenye nguo ya msiba kwa miezi miwili tu, na Nazario ulikuwa hujamjua. Kosa la Ijumaa ile lingekufa siku ile. Neno nililolifuta bila kujua, ningeweza kulirudisha kwa safari ya siku moja, na nikachagua kukuandikia uongo mzuri.

Kasiano nimemweleza, wiki iliyopita. Nilitaka alisikie kutoka kwangu kabla hajalisikia kutoka kwako. Alikuwa anapiga msumari, akaupiga hadi ukaingia wote, akachukua mwingine. Aliponisindikiza barabarani alisema, "Sitakuita shemeji tena kwa muda." Nikamwambia pia kwamba nitavunja kiapo na kukuandikia. Hakunikataza safari hii. Alisema tu kwamba nikuandikie bila kukuomba lolote kwa niaba yake. Kwa hiyo sikuombi. Ila Lucia ana haki ya kujua kwamba baba yake yu hai, na hilo nalisema kwa niaba yangu mimi, mjomba wake, ambaye sina tena haki ya kusema mengi.

Najua nakuandikia wakati mbaya. Nazario ni mtu mwema na hajamkosea mtu. Elias ananyonya. Nasikia kambi nayo itafungwa na mmeanza kuitwa kujiandikisha kurudi. Watakuuliza, wewe na watoto, mnakwenda tarafa gani: Makebuko kwa Mama, au kwa watu wa Nazario, au Giteranyi, au nyinyi kwa nyinyi kugawana. Sitakushauri. Mimi, na karatasi, na hata Kasiano kwa kile kiapo, tumekuamulia vya kutosha. Ninachokuomba ni kimoja. Karani akikuambia umtajie tu, yeye ataandika, kataa. Chukua kalamu, andika mwenyewe, kisha mwambie akusomee kwa sauti alichokiingiza, neno kwa neno, mpaka mwisho wa mstari.

Ukitaka kunijibu, Bisimwa atabaki hapo siku tatu. Usipotaka, nitaelewa, na Mama sitamwambia mpaka unipe ruhusa, au umwambie wewe.

Nisalimie Lucia. Mwambie mjomba wake anamsalimu, usiongeze neno hapo kama hujawa tayari. Mbusu Elias kichwani. Shemeji Nazario mpe salamu zangu za heshima, kwa namna utakayoona inafaa baada ya kuisoma barua hii. Mungu awalinde hapo mlipo na awape usingizi, hata kama mimi ndiye niliyeuondoa.

Mdogo wako, mwenye kosa,

Venansi